Moyo Hutoa Kile Ulichorudishiwa

Ndugu zangu, mabibi na mabwana,

Naomba tuanze na mkono wako mwenyewe. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, usawa wa kidole gumba, ubonyeze kidogo mpaka usikie pigo. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100; wanariadha wengi huwa chini ya hapo, na kwao si ugonjwa. Unachokisikia kidoleni ni wimbi la shinikizo linalopita kwenye ukuta wa mshipa kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde. Damu yenyewe iko nyuma sana: hata ndani ya aota, mshipa mkubwa kuliko yote, kwa wastani haifikishi mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Pigo hutangulia, damu hufuata.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yamesimama juu ya shinikizo. Damu hutoka palipo na shinikizo kubwa kwenda palipo na dogo, basi. Ukishajua ni kubwa wapi na dogo wapi, utaelewa kwa nini miguu huvimba jioni, kwa nini mtu aliyesimama wima muda mrefu huzirai, na kwa nini bonge la damu lililoanzia mguuni humkatia mtu pumzi. Na kuna jambo moja ambalo watu wengi hulisahau wakizungumzia moyo, nami nitalirudia: moyo hutoa kile tu ulichorudishiwa. Damu isiporudi, hakuna cha kusukuma.

Moyo wa mtu mzima una ukubwa wa ngumi yake na uzito wa takriban gramu 300. Umekaa katikati ya kifua nyuma ya mfupa wa kidari, ncha yake ikielekea kushoto. Ndani yake mna pampu mbili zilizotenganishwa na ukuta. Ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni, ambako huacha hewa ya ukaa na kuchukua oksijeni. Ya kushoto hupokea damu hiyo kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, toka utosini hadi nyayoni. Kila pampu ina chumba cha juu cha kupokelea, auriko, na chumba cha chini cha kusukumia, ventriko. Ukuta wa ventriko ya kushoto una unene wa karibu sentimita 1. Wa ventriko ya kulia ni milimita 3 hadi 5 tu. Sababu ni mzigo. Damu inayokwenda mapafuni hutoka kwa shinikizo la takriban 25 kwa 10, tukipima kwa milimita za zebaki. Inayokwenda mwilini hutoka kwa 120 kwa 80. Hiyo 120 inatosha kuinua safu ya damu kwenda juu mita moja na nusu.

Hapa niwaondolee utata wa shuleni. Tulifundishwa kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Kwa sehemu kubwa ya mwili ni kweli, lakini ateri ya mapafu hubeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha, na vena za mapafu hubeba iliyojaa oksijeni. Kanuni isiyo na kasoro ni hii: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Na damu ya kwenye vena si ya buluu. Ni nyekundu iliyokoza. Ubuluu tunaouona ni namna mwanga unavyopita kwenye ngozi.

Sasa tazama pigo moja kwa karibu. Chukua moyo unaopiga mara 75 kwa dakika: kila pigo lina sekunde 0.8. Cheche ya umeme huanzia kwenye kifundo kidogo cha chembe katika auriko ya kulia, ikasambaa, na auriko zote mbili zikajikunja kwa muda wa kama sekunde 0.1. Kabla ya hapo ventriko zilikuwa zimekwisha kujaa kwa sehemu kubwa, kwa damu iliyokuwa ikitiririka yenyewe; auriko huongeza kilichobaki, kama sehemu moja ya tano. Umeme ukifika mpakani mwa auriko na ventriko hucheleweshwa makusudi, karibu sekunde 0.1, ili auriko zimalize kumimina. Kisha hushuka haraka kwenye nyuzi maalumu hadi ncha ya moyo, na ventriko hujikunja kwa sekunde 0.3. Vali, yaani vilango vya njia moja, zilizo kati ya auriko na ventriko hufungwa kwa kishindo: hiyo ndiyo sauti ya kwanza daktari anayoisikia. Shinikizo ndani ya ventriko likishinda lile la aota, vali ya aota hufunguka na damu hutoka. Ventriko ikilegea, damu ya aota hutaka kurudi, vali hujifunga: sauti ya pili. Zinabaki sekunde 0.4 za moyo mzima kupumzika na kujaa. Nusu ya maisha ya moyo ni kupumzika, na mapumziko hayo ndiyo muda wa kupokea.

Ventriko iliyojaa ina kama mililita 120. Hutoa 70, hubakisha 50. Mililita 70 mara mapigo 70 ni karibu lita 5 kwa dakika, na mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Kwa hiyo kiasi cha damu yote ya mwili hupita moyoni kila dakika.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyobadilisha tiba. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wasomi walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa kale, kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na mwili huitumia ikaisha. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, alikwisha kueleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafuni, wala haipenyi kwenye ukuta wa kati. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akapiga hesabu ya kinachotoka moyoni. Tukitumia tarakimu zetu za leo ni karibu lita 300 kwa saa, uzito wa watu wazima wanne. Hakuna chakula kinachoweza kutengeneza damu kiasi hicho kila saa. Haina budi kuwa ni ile ile inazunguka. Hakuwahi kuona inakovukia kutoka ateri kwenda vena; hilo lilionwa mwaka 1661 na Mwitalia Marcello Malpighi, aliyezitambua kapilari, vimishipa vyembamba vinavyounganisha ateri na vena, kwa hadubini katika pafu la chura.

Harvey alitoa ushahidi mwingine ambao unaweza kuujaribu sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka vena za nyuma ya kiganja au za kigasha zijitokeze. Chagua moja iliyonyooka, isiyo na matawi. Bonyeza kidole kimoja upande wa chini, ulio karibu na vidole vyako, usikiachie. Kwa kidole cha pili sukuma damu kwenda juu, kuelekea kiwiko, sentimita chache, kisha ukiachie hicho cha pili. Utaona mshipa umebaki bapa hadi mahali fulani penye kinundu kidogo, na juu ya hapo umejaa. Damu ya juu haishuki; kilango kimejifunga. Sasa achia kidole cha chini: mshipa unajaa mara moja kutoka chini. Huo ndio mzunguko wa damu, chini ya kidole chako.

Tukifuata njia yenyewe, aota ina upana wa takriban sentimita 2.5 na ukuta wake una nyuzi zinazovutika. Ventriko inapotoa damu, aota hutanuka. Ventriko inapopumzika, aota hujibana na kuendelea kuisukuma damu mbele. Ndiyo maana shinikizo haliporomoki hadi sifuri kati ya pigo na pigo, hubaki kwenye 80. Umri unapoikaza aota, uvutikaji hupungua, namba ya juu hupanda na ya chini hushuka. Wazee wengi wana presha ya aina hiyo, 160 kwa 70 kwa mfano, na wasidanganyike kwamba namba ya chini ikiwa nzuri basi mambo ni salama.

Toka aota, ateri hugawanyika mpaka kuwa vijiateri vyenye misuli ya mviringo. Hapa ndipo penye mabomba ya kufungulia na kufunga. Mtaalamu wa Kifaransa Poiseuille, katika karne ya 19, alionyesha kwamba ukinzani wa mrija mwembamba hubadilika kwa upana wake kwa kipeo cha nne. Punguza upana kwa nusu, ukinzani unapanda mara 16. Kwa hiyo mwili hauhitaji kuubana mshipa sana ili kubadilisha mgawo. Mtu akipumzika, figo peke yake hupata kama sehemu moja ya tano ya damu yote, na ubongo karibu asilimia 15. Akikimbia kwa nguvu, misuli inaweza kuchukua hadi asilimia 80 ya damu inayotoka, huku utumbo ukibaniwa. Na huo mbano wa vijiateri ndio unaoshusha shinikizo: damu huingia humo ikiwa na shinikizo karibu na la ateri kubwa na kutoka ikiwa na 35 hivi, kiasi ambacho kapilari inaweza kukistahimili.

Kapilari ina ukuta wa unene wa seli moja. Nyingi ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa maikromita 7 hadi 8, hujikunja ili ipite, moja nyuma ya nyingine. Kwa kuwa kapilari ni nyingi mno, jumla ya upana wao huushinda wa aota kwa mamia ya mara, na damu hutambaa kwa chini ya milimita 1 kwa sekunde. Polepole hiyo ndiyo inayotoa nafasi ya oksijeni na sukari kutoka, na taka kuingia. Maji kidogo huvuja nje. Mengi hurudi, mengine hukusanywa na mishipa ya limfu na kurejeshwa kwenye vena karibu na shingo.

Damu inapoingia kwenye vena, shinikizo limebaki kama 15, na linapofika auriko ya kulia ni karibu sifuri. Nataka tukae hapa. Zaidi ya asilimia 60 ya damu yote iko kwenye vena wakati wowote ule. Vena ni ghala. Na ghala hilo kwa mtu aliyesimama liko chini ya moyo, zaidi ya mita moja. Uzito wa safu hiyo ya damu hufanya shinikizo kwenye vena ya kifundo cha mguu, mtu akisimama bila kutikisika, lifike karibu 90. Mwili hutumia njia tatu kuipandisha. Ya kwanza ni misuli ya shavu la mguu: kila hatua huikamua vena ya ndani, vilango huzuia kurudi chini, na shinikizo pale kifundoni hushuka hadi 30 au chini yake. Ya pili ni pumzi: ukivuta hewa, kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, hushuka, kifua huvuta na tumbo husukuma. Ya tatu ni vena zenyewe, ambazo hujibana kwa amri ya neva.

Mtu akiinuka kitandani, nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Kinachorudi hupungua, hivyo moyo hutoa kidogo, shinikizo huanza kuanguka. Vihisio vilivyo kwenye ateri za shingo na kwenye tao la aota hugundua ndani ya pigo moja au mawili, mapigo huongezeka, mishipa hubana. Mtu aliyeharisha, aliyetokwa damu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha hukosa akiba ya kufidia, akaona giza. Akianguka, mwacheni alale. Kumkalisha au kumshikilia wima, kama wengi wetu tunavyofanya kwa huruma, ni kumzuilia damu isirudi. Mlazeni chali, muinue miguu, mlegeze nguo za shingoni. Kama hapumui kawaida, hilo ni jambo jingine kabisa; nitalifikia.

Vilango vya vena vikichakaa, damu hurudi chini, vena hutanuka na kupinda, miguu huwa mizito jioni, na ngozi karibu na kifundo hubadilika rangi na hatimaye inaweza kutoboka kidonda. Damu ikitulia kwenye vena za ndani, kwa mfano baada ya upasuaji au kulala muda mrefu, inaweza kuganda. Dalili ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto. Bonge likikatika, fuata njia uone litafika wapi: vena ya paja, vena kuu, auriko ya kulia, ventriko ya kulia, ateri ya mapafu. Njia yote hiyo inazidi kupanuka. Mahali pa kwanza pembamba ni pafuni, na hapo ndipo linapokwama. Kwa hiyo kukosa pumzi ghafla kwa mtu mwenye mguu uliovimba ni dharura. Bonge lililojiunda upande wa kushoto, kama pale auriko inapotetemeka bila mpangilio badala ya kujikunja, hutoka kwa aota na mara nyingi huishia ubongoni: kiharusi. (Karibu mtu mmoja kati ya wanne amebakiwa na upenyo mdogo kati ya auriko mbili tangu alipokuwa tumboni mwa mama, hivyo mara chache bonge la mguuni huvuka.)

Njia hiyo hiyo inaeleza moyo uliochoka. Ventriko ya kushoto ikishindwa, damu hurundikana nyuma yake, mapafuni: mgonjwa hukosa pumzi akilala na huhitaji mito mingi. Ya kulia ikishindwa, damu hurundikana mwilini: miguu huvimba, ini hutanuka, vena za shingo hujaa. Na pande mbili hizi lazima zitoe kiasi sawa. Tuseme kulia kumezidi kwa mililita 1 tu kila pigo. Kwa mapigo 70 kwa dakika, ndani ya dakika 10 mililita 700 zimejaa mapafuni. Kinachouokoa moyo wenye afya ni kwamba ukuta wake ukivutwa zaidi na damu iliyoingia, hujikunja kwa nguvu zaidi. Kilichorudi kingi, hutolewa kingi.

Moyo wenyewe haunywi damu iliyomo vyumbani mwake. Hulishwa na ateri zake mbili zinazochipuka pale pale aota inapoanzia, na ventriko ya kushoto hulishwa zaidi wakati imepumzika, maana ikijikunja huikaba mishipa yake. Moyo ukienda mbio, kinachofupishwa zaidi ni mapumziko, yaani muda wake wa kula. Ateri hizo zikiwa zimebanwa na lehemu, maumivu huja mtu akipanda ngazi na kuondoka akitulia. Utando wa lehemu ukipasuka na damu ikaganda juu yake, maumivu hayaondoki: mbano wa kifua unaozidi dakika chache, unaosambaa mkononi, tayani au mgongoni, pamoja na jasho jembamba na kichefuchefu. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kukosa maumivu hayo, wakaonyesha uchovu mkubwa na kukosa pumzi tu. Hapo ni hospitali, na kila dakika inahesabiwa kwa misuli inayokufa.

Kwa kuwa karibu yote haya huanza na shinikizo lililozidi bila dalili, tujue kulipima sawasawa. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu isipishane. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu ya uongo. Mkono uegemezwe mezani usawa wa moyo. Ukiuning'iniza sentimita 10 chini ya moyo umeongeza karibu 8, kwa uzito wa damu tu. Usizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 au 2 kati yake, na uandike zote. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni presha ya juu pale namba ya juu inapofika 140 au ya chini 90, katika siku mbili tofauti. Namba moja ya siku moja haitoshi kumpa mtu ugonjwa, wala haitoshi kumwondolea.

Nilisema nitamfikia mtu aliyeanguka, haitiki na hapumui kawaida. Ita msaada, kisha weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukibonyeza, unaifanyia kazi ventriko. Ukiachia, unaifanyia kazi vena: kifua kinapoinuka, shinikizo ndani hushuka na damu huingia moyoni. Waokoaji wengi hujitahidi kwenye kubonyeza na kusahau kuachia. Kifua kiinuke chote kila mara, mikono isitoke mahali pake. Mkiwa wawili, badilishaneni kila dakika 2, maana aliyechoka huanza kuegemea kifua bila kujijua, na kifua kilichoegemewa hakiingizi damu.